Tupeane uzoefu: chupa za bia ya nyumbani, unazipataje za kutosha na zinarudije kutoka kwa marafiki?

Shayiri Mbichi

Wadau, salaam. Historia za maisha tuziweke kando, uzi huu uwe wa mambo ya kufanya.

Naanza na hesabu. Pishi (mkupuo mmoja wa bia) la lita 20, ukiacha mashapo chini ya ndoo, linakupa lita 18.5 hadi 19 za kujaza. Hizo ni chupa 37 au 38 za nusu lita, au kama 56 za mililita 330. Anayekunywa peke yake anaweza kuishi na chupa 40. Anayegawa hawezi. Anahitaji seti tatu: moja imejaa inajenga gesi, moja inanyweka, moja iko kwa watu. Yaani chupa 110 hivi za nusu lita. Mwenye 40 huona zinamtosha mpaka siku pishi la pili limeiva na zile za kwanza bado ziko kwenye makabati ya watu.

Mnazitoa wapi, mnasafishaje, na mnafanyaje zirudi?

Kizibo 26

Mkuu, chupa zimejaa kila mahali. Kazi ni kuchagua, kwa sababu mchanganyiko wa aina kumi ni taabu kuliko upungufu.

Njia inayofaa kuliko zote: ongea na mhudumu wa baa au mwenye sherehe KABLA ya siku yenyewe. Mwachie kreti zako tupu na chupa moja ya mfano, mwambie "za hivi tu". Ukifika kesho yake bila mpango utakuta vichungi vya sigara na vipande vya limau ndani. Chupa yenye kichungi cha sigara usiihangaikie. Chupa za amana nazo ni nzuri maana kioo chake ni kinene, kilitengenezwa kuzunguka mara nyingi. Ila uliza masharti, viwanda vingine huhesabu chupa ni mali yao hata ukishalipa amana.

Ukishazipata, kagua mdomo. Vizibo vya kawaida ni milimita 26. Chupa nyingi za shampeni za Ulaya na baadhi za bia za Ubelgiji zina mdomo wa milimita 29, na kizibo cha 26 hakitashuka hata uikalie mashine ya kufungia vizibo. Kisha pitisha ukucha kuzunguka ukingo. Ukikwama hata kidogo, kuna kipande kimemeguka. Bia itavuja gesi polepole, na wiki tatu baadaye utailaumu hamira bure.

Chupa yenye hesi mdomoni, ile inayofunguliwa kwa kuzungusha mkono, iache. Wapo wanaoifunga kwa mashine ya mezani ikakubali. Mimi siitaki, kizibo hakikai sawa juu ya hesi. Angalia na pete ya shingo. Mashine ya mikono miwili hushika pale, na pete ikiwa nyembamba au iko chini sana, itateleza au itakata shingo.

Chupa za juisi, sosi na mvinyo usio na gesi usizitie bia yenye sukari ya gesi, ile inayotiwa siku ya kujaza ili hamira itoe gesi ndani ya chupa. Hazikutengenezwa kwa presha.

Msafiri wa Povu

Rangi je? Nina za kijani nyingi.

Kizibo 26

Kahawia ndiyo chaguo. Mwanga hushambulia uchungu wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na kutoa harufu kama ya kicheche, na kioo cha kijani kinazuia kidogo sana, cheupe ndiyo kabisa hakizuii. Lakini ukizifungia kwenye boksi gizani mpaka siku ya kunywa, hata za kijani zinafanya kazi. Usimpe rafiki ambaye huziweka dirishani kama pambo.

Mama Mashapo

Nitajibu la usafi, maana hapo ndipo watu wanapoteza saa nzima kwa jambo la sekunde kumi.

Sekunde kumi ni hizi: ukimaliza kumimina, suuza chupa hapo hapo. Maji theluthi moja, kidole gumba mdomoni, tikisa kwa nguvu, mwaga. Rudia mara tatu, isimamishe kichwa chini. Hamira iliyolala chini bado ni laini na inatoka yote. Ikikaa siku mbili inakauka na kuwa duara la kijivu lililong'ang'ania pembe ya kitako, mahali brashi haifiki vizuri. Inua chupa kuelekea taa utazame kitako kutoka mdomoni: ukiona kivuli chenye umbo la mwezi, haijatakata.

Kwa zilizokauka na zile zenye lebo: sodiamu pakabonati, ile sabuni ya unga inayotoa oksijeni, isiyo na manukato. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji ya moto yanayovumilika kwa mkono wenye glavu. Zamisha usiku kucha kwenye beseni la wazi, kamwe usizibe chombo, kwa sababu inatoa gesi. Asubuhi lebo nyingi zinaelea zenyewe. Zenye gundi ngumu kwangua kwa mgongo wa kisu. Maji yako yakiwa na chumvichumvi, utaona utando mweupe. Suuza kwa siki iliyochanganywa na maji, utando unaondoka.

Dawa ya klorini naiona ni kujitafutia kesi. Ikibaki kidogo tu, bia inanuka plasta za hospitali. Na ukiichanganya na siki inatoa gesi ya sumu, hilo si la kujaribu.

Kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili. Chupa chafu haiuliwi vijidudu, dawa haipenyi uchafu. Siku ya kujaza tumia dawa ya asidi ya fosfori isiyohitaji kusuuzwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, mwaga, jaza hata kama povu limebaki ndani. Povu hilo halina madhara.

Shayiri Mbichi

Na oveni?

Mama Mashapo

Inafaa kwa anayetaka kuandaa mapema. Funika midomo kwa foili, panga chupa oveni ikiwa BARIDI, pandisha taratibu hadi nyuzi 170, acha saa moja, zima, usifungue mpaka zipoe zenyewe. Foili ikikaa mdomoni, chupa inakaa tayari kwa wiki nyingi. Kasoro: joto la kurudiarudia huchosha kioo. Na chupa za kizibo cha waya, zile ambazo kizibo kimeshikwa na waya shingoni, zitoe kwanza washa, yaani pete ya mpira ya kizibo.

Ndoo Mbili

Mmesahau plastiki. Chupa za soda za lita 1 au 2 hubeba presha kubwa kuliko ya bia. Zilizokuwa na soda ya maji matupu ndizo bora, za chungwa na tangawizi hubaki na harufu. Za maji ya kunywa ya kawaida ni nyembamba, hazifai. Usizioshe kwa maji ya moto, zinajikunja, wala usipitishe brashi ngumu ndani, mikwaruzo ni maficho ya bakteria.

Kwa kugawa hazina mpinzani: hazipasuki njiani, na zisiporudi hulii. Tena katika kila pishi jaza moja hata kama nyingine zote ni kioo. Ukiibonyeza ikawa ngumu kama soda isiyofunguliwa, jua kwamba na bia ya kwenye kioo imeshapata gesi.

Kizibo 26

Plastiki naikubali nusu. Oksijeni inapenya. Bia ya hopsi nyingi hupoteza harufu mapema, iwe ya kunywewa ndani ya miezi miwili mitatu.

Ndoo Mbili

Ikifika kwa marafiki inamaliza miezi miwili?

Hidromita

Kabla hamjaendelea kutafuta chupa, hakikisheni mlizonazo hazilipuki. Pima uzito wa bia kwa hidromita (kipimo kinachoelea; namba hushuka kadiri sukari inavyoliwa na hamira) siku tatu mfululizo. Namba isiposogea, jaza. Ikishuka kutoka 1.014 hadi 1.010 ndani ya chupa, umeongeza kama lita mbili za gesi kwa kila lita ya bia, juu ya ile ya sukari uliyotia. Hiyo inatosha kupasua kioo kilichochoka.

Sukari: gramu 6 kwa lita, yaani 114 kwa lita 19. Chemsha kwenye maji mililita 300 kwa dakika kumi, poza, mimina kwenye ndoo safi, kisha shusha bia juu yake kwa mpira bila kurusha povu. Kijiko kwa kila chupa ni kosa la kawaida: moja inakosa gesi, jirani yake inamwagikia dari. Ukiitia kwenye ndoo, chupa za ukubwa tofauti hazisumbui. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 chini ya kizibo.

Chupa yenye mkwaruzo mweupe wa duara tumboni, zile zilizosuguana kwenye kreti miaka mingi, iondoe kwenye mzunguko.

Mzunguko

Sasa la kurudi, maana ndilo lenye uzi.

Mpe mtu kreti, usimpe chupa. Chupa moja moja hupotea kwenye taka. Kreti yenye matundu kumi na mawili matupu inamkera mwenyewe mpaka airudishe. Sheria iwe ya kubadilishana: unaleta tupu sita, unabeba sita zilizojaa. Asiye na tupu anakunywa kwako, kwenye glasi. Haina haja ya ugomvi, sema mapema tu.

Weka tone la rangi ya mafuta kwenye kitako cha kila chupa yako, ili mwenye nyumba asiichanganye na za kwenda kwenye taka. Za kizibo cha waya zibaki nyumbani, ni ghali kuzipoteza. Ukiziosha toa washa kabisa, utelezi hujificha chini yake. Iliyopasuka au kubanwa hadi kuwa bapa, badilisha.

Waambie neno moja tu: "suuza". Ukiwaomba waoshe, wengine watatumia sabuni yenye mafuta na povu la bia litakufa. Mwandikie juu ya kizibo kwa kalamu ya wino usiofutika: herufi ya pishi na tarehe ya kujaza. Kwenye daftari andika nani kabeba ngapi.

Msafiri wa Povu

Na wakiniletea chupa za hesi badala ya zangu?

Mzunguko

Pokea, shukuru, peleka kwenye kioo cha kusagwa. Ila kwenye daftari haihesabiki.