Kwa nini haidroksili haimaliziki juu ya msitu wa mvua?

Mwanafunzi wa Kemia

Wataalamu, naomba kueleweshwa jambo linalonitatiza katika masomo yangu ya kemia ya angahewa. Tunafundishwa kwamba miti ya misitu ya mvua hutoa gesi ya isoprini kwa wingi mno wakati wa mchana, na kwamba gesi hiyo huoksidishwa upesi na radikali ya haidroksili, yaani kipande cha molekuli chenye oksijeni moja na hidrojeni moja kinachoshambulia upesi gesi nyingine. Kwa hesabu hiyo, haidroksili juu ya msitu ingepaswa kuwa imemalizwa karibu yote, na modeli za kompyuta za zamani zilisema hivyo hivyo. Hata hivyo, ndege ya utafiti iliyoruka juu ya Suriname na nchi jirani mwaka 2005 ilikuta haidroksili nyingi kuliko modeli zilivyotabiri, na vipimo vilivyofanywa katika kisiwa cha Borneo, Asia ya Kusini-Mashariki, mwaka 2008 navyo havikuafikiana na modeli. Baadaye nikasoma maelezo mengine kwamba huenda vyombo vya kupimia ndivyo vilivyokuwa na kasoro. Je, kemia ya msitu wenyewe huirudisha haidroksili hewani, au ni vyombo vilivyotupotosha?

Mkufunzi

Ndugu Mwanafunzi, majibu yote mawili yana sehemu ya ukweli, ingawa binafsi naona upande wa kemia ndio wenye mengi zaidi ya kujifunza.

Haidroksili huzaliwa pale mionzi ya urujuanimno inapovunja ozoni na kuachia atomu ya oksijeni yenye nishati kubwa, ambayo ikikutana na mvuke wa maji hutoa radikali mbili za haidroksili. Ukanda wa tropiki una jua kali na mvuke mwingi, kwa hiyo uzalishaji huo si haba hata pale ozoni ilipo kidogo. Radikali ikishazaliwa haidumu hata sekunde moja, kwani juu ya msitu hudakwa na isoprini, kisha oksijeni ya hewa hujiunga na zao lao na kuunda radikali nyingine iitwayo radikali ya peroksi. Swali lako lote linategemea hatima ya radikali hiyo ya peroksi.

Mjini, ambako magari hutoa oksidi za nitrojeni, radikali ya peroksi hukutana na nitriki oksidi, mojawapo ya oksidi hizo, mzunguko huendelea hadi haidroksili irudi, na ozoni huongezeka. Juu ya msitu safi nitriki oksidi ni adimu sana, mara nyingi chini ya molekuli mia moja katika kila trilioni za hewa. Modeli za zamani zilichukulia kwamba katika hali hiyo radikali ya peroksi hukutana na hidroperoksili, radikali ndogo yenye hidrojeni moja na oksijeni mbili, zikaungana kuwa peroksidi, na zote mbili zikapotea. Mwaka 2009 Jozef Peeters na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwa hesabu za kikwantamu kwamba baadhi ya radikali hizi zinaweza kuhamisha hidrojeni kutoka upande mmoja wa molekuli kwenda mwingine bila kusubiri kukutana na chochote, na kwamba mazao yake huvunjwa na jua na kurudisha haidroksili. Majaribio ya maabara yalithibitisha kwamba njia hiyo ipo, ila ni ya polepole kuliko hesabu za awali zilivyodai. Kasi yake huongezeka sana joto linapopanda, jambo lenye uzito mkubwa katika tropiki.

Mwaka huo huo iligunduliwa pia kwamba peroksidi ya isoprini yenyewe, ikishambuliwa na haidroksili nyingine, hugeuka kuwa epoksidi, yaani molekuli yenye pete ndogo ya oksijeni, na kuirudisha haidroksili hiyo. Epoksidi hizo hunasa kwenye chembechembe zenye unyevu na asidi, na hivyo ndivyo sehemu ya pumzi ya miti inavyoishia kuwa ukungu mwembamba juu ya msitu.

Mpima Hewa

Naongezea upande wa vyombo, kwa sababu Mkufunzi ameupita haraka.

Sentimita moja ya ujazo ya hewa karibu na ardhi ina molekuli takriban 25 zikifuatiwa na sufuri kumi na nane, na katika hizo haidroksili ni milioni chache tu. Njia iliyoenea ni kuivuta hewa kupitia tundu dogo kuingia katika chumba chenye shinikizo la chini, kuipiga kwa leza ya nanomita 308, na kuhesabu mwanga ambao haidroksili huurudisha. Hatari ni kwamba vitu vingine vinavyoingia pamoja na hewa vinaweza kuvunjika ndani ya chumba na kuzaa haidroksili ambayo haikuwapo nje.

Mwaka 2012 watafiti waliopima katika msitu wa misonobari huko California walichapisha jaribio rahisi kulieleza: walipuliza mdomoni mwa chombo gesi inayokula haidroksili yote, na bado sehemu kubwa ya ishara ilibaki. Tangu hapo, mimi sikubali kipimo cha haidroksili ya msituni kisichokuwa na ukaguzi wa namna hiyo. Hata hivyo vyombo havifanani kwa maumbo, na kasoro ya kimoja haitoshi kufuta vipimo vya kingine vya mwaka 2005.

Isoprini nayo ina mitego yake. Kifaa kinachoipa molekuli protoni (kiini cha hidrojeni) na kupima tungamo lake huisoma isoprini kwenye namba 69, na furani, gesi nyingine inayotokana na moshi wa kuni na majani husomeka hapo hapo. Wakati wa uchomaji wa misitu, anayesoma namba hiyo pekee atahesabu moshi kuwa miti. Zaidi ya hayo, peroksidi ya isoprini ikigusa chuma ndani ya chombo huvunjika na kutoa ketoni na aldehaidi zile zile zinazotengenezwa mahali penye nitriki oksidi, hivyo kuna mazao yaliyodhaniwa kuwa ya hewani ambayo kumbe yalizaliwa ndani ya bomba.

Mwanafunzi wa Kemia

Nawashukuru sana, nimeelewa. Naomba nyongeza moja: haidroksili hutegemea jua, na miti huacha kutoa isoprini giza likiingia. Ile isoprini iliyobaki jioni huenda wapi?

Msomaji wa Mawingu

Sehemu yake hubebwa juu na dhoruba za usiku. Kati ya Desemba 2022 na Januari 2023 ndege ya utafiti ya Ujerumani iitwayo HALO ilipima hewa ya Amazoni kwa kimo cha kilomita 8 hadi 15, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba isoprini iliyopandishwa na mawingu ya radi hukaa huko juu hadi alfajiri, kisha jua linapochomoza hukutana na haidroksili pamoja na oksidi za nitrojeni zilizotengenezwa na radi, na chembechembe mpya huzaliwa kwa wingi. Majaribio katika maabara ya CERN, Uswisi, kwa nyuzi 30 na 50 chini ya sufuri yaliafiki hilo. Mnara wa ATTO wa kupimia hewa ya Amazoni, ulioko Brazili na wenye mita 325, hauwezi kuyaona hayo moja kwa moja.

Nitatahadharisha jambo moja. Karibu vipimo vyote vya misitu ya mvua tulivyotaja vimefanywa Amazoni na nchi za jirani yake, au Borneo. Bonde la Kongo lilikuwa na kampeni ya vipimo vya hewa iitwayo EXPRESSO mwaka 1996, na tangu 2020 lina mnara wa mita 55 huko Yangambi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambao kazi yake kuu ni kupima gesi joto. Bonde hilo lina radi nyingi mno, na moshi wa mioto ya savana hulifikia kutoka kaskazini na kusini kwa misimu tofauti. Nitriki oksidi yake kwa hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa sawa na ya Amazoni, na ukiibadilisha hiyo, mahesabu yote aliyoeleza Mkufunzi yanabadilika pia.