Kikundi cha ukoo: alama nyeusi kwenye kisigino cha Mama Mdogo

Mjomba Rashidi (Tanga), 19:12
Assalaam alaykum nyote. Nimeweka hapa picha mbili za unyayo wa kushoto wa dada yangu Zainabu. Anasema alama hiyo aliiona mwezi wa Ramadhani uliopita ikiwa ndogo kama punje ya mtama, na sasa imeipita punje ya hindi, ingawa haimuumi wala haimwashi. Naomba Asha, ambaye kazi yake ni kutibu ngozi, atueleze kama hili ni waa la kawaida.

Mama Mdogo Zainabu (Pangani), 19:16
Mimi sioni sababu ya kuwahangaisha watu usiku. Nina mawaa mgongoni tangu nizaliwe na hakuna hata moja lililonidhuru. Hili nadhani ni damu iliyovilia baada ya kukanyaga jiwe, na jirani yangu ameniahidi kulichonga kwa wembe siku ya Ijumaa.

Asha (Moshi), 19:34
Shikamooni wazee wangu. Mama Mdogo, kabla ya yote nakusihi wembe huo usiguse kisigino chako, na sababu yake nitaieleza.

Mawaa yako ya mgongoni nayafahamu. Yana rangi moja, ukingo wake umekamilika, upande mmoja unafanana na wa pili, na zaidi ya yote yamekaa hivyo hivyo kwa miaka mingi. Waa la namna hiyo kwa kawaida halina neno. Sisi hutazama mambo matano: kama pande mbili za waa hazilingani, kama ukingo umechanika-chanika, kama rangi zimechanganyika, kama upana umezidi milimita 6, na kama waa linabadilika. Manne ya kwanza yalipangwa na madaktari wa New York mwaka 1985, na wagonjwa waliowafikiria zaidi walikuwa watu weupe, kwa hiyo mimi hulipa uzito mkubwa zaidi lile la tano. Alama iliyozaliwa ukubwani na inayoendelea kukua lazima ionwe, hata kama haijafika hizo milimita 6.

Kuhusu damu iliyovilia, kwenye unyayo hufifia ndani ya wiki chache. Haikai tangu Ramadhani huku ikitanuka.

Shangazi Mwanahamisi (Tanga), 19:41
Asha mwanangu, mimi nimekuwa nikisikia kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu, na hapa kwetu ya ndugu zetu wenye ualbino tu.

Asha, 19:55
Shangazi, hapo mambo mawili yamechanganyika. Ndugu zetu wenye ualbino huunguzwa na jua, na saratani wanayoipata mara nyingi huanza kama kidonda kisichopona usoni, masikioni au shingoni. Ndiyo maana hapa KCMC, hospitali yetu ya Moshi, hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua. Ile inayotoka kwenye chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, yaani melanoma, ni nyingine. Ni kweli kwamba kwetu sisi weusi ni nadra, lakini inapotupata hupenda kujificha mahali ambapo jua halifiki: chini ya unyayo, kwenye kiganja, au chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 kwenye kidole cha mguu, mahali ambapo awali palidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira, naye akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Juma (Muscat), 20:03
Dada Asha, umenitia hofu. Mimi nina mistari ya kahawia kwenye kucha za vidole vinne, na mama yetu ana vipele vidogo vyeusi vilivyojaa mashavuni.

Asha, 20:10
Vya mama ni vya kurithi, huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na havigeuki saratani. Mwambie tu asivichome kwa dawa za dukani, kwa kuwa huacha makovu mabaya kuliko vipele vyenyewe. Nawe mistari yako, kwa kuwa iko kwenye kucha nyingi, ni jambo la kawaida kwa watu weusi. Ungekuwa na mmoja tu, hasa kwenye kidole gumba, ukatanuka au rangi yake ikamwagikia ngozi iliyo kwenye shina la kucha, ningekutaka uende hospitali wiki hii hii.

Mama Mdogo Zainabu, 20:18
Wembe hutaki, lakini najua ninyi mtataka kukata kinyama kidogo cha kupima. Watu husema saratani ikishaguswa na chuma inaamka na kusambaa.

Asha, 20:29
Hapana, Mama Mdogo, kukata kinyama hakuisambazi. Kinachoharibu ni kuchonga juu juu na kuacha mizizi, kwa sababu kina cha uvimbe, kinachopimwa maabara kwa milimita na sehemu zake, ndicho kinachotuambia hali ya mgonjwa na kiasi cha kukata. Wembe wa jirani ungetupotezea kipimo hicho.

Tena huenda kinyama kisihitajike kabisa. Unyayo una matuta na mifereji kama shamba la viazi, na tukiutazama kwa kile kikuza chenye taa, mara nyingi waa lisilo na madhara huonyesha rangi ikifuata mifereji, ilhali ile mbaya hukaa juu ya matuta. Kwa picha ya simu siwezi kuliona hilo, nami sitabahatisha. Mjomba, naomba umlete Moshi Jumatatu, nitakuwa zamu.

Mjomba Rashidi, 20:33
Tutapanda basi la Jumapili asubuhi, inshallah.

Mama Mdogo Zainabu, 20:40
Alhamisi kuna harusi hapa mtaani na nimeshaalikwa kupakwa hina mikono na miguu. Hilo nalo limekatazwa?

Asha, 20:42
Mikono paka upendavyo. Nyayo zote mbili naomba ziachwe bila hina, kwa sababu nitataka kuulinganisha mguu wa kushoto na wa kulia.

Mama Mdogo Zainabu, 20:51
Haya, mikono tu. Jirani nimemwambia kuhusu wembe, na amenuna.