Ushauri: mafuta ya mfumo wa Kijani yakiisha angani kwenye A320, kwa nini PTU (kifaa cha kuhamishia nguvu kati ya mifumo ya haidroliki) izimwe kwanza?

Mwanafunzi_320
Wakuu, habari. Kipindi changu cha simuleta wiki ijayo ni hitilafu ya haidroliki (mafuta yenye shinikizo yanayosukuma magurudumu, breki na kadhalika) kwenye Airbus A320: tangi la Kijani, mmoja wa mifumo yake mitatu (Kijani, Manjano na Buluu), linavuja mpaka onyo la kiwango cha chini linatokea. Skrini inaagiza nizime PTU, kisha pampu ya injini namba 1. Pampu naelewa. Lakini PTU si ndiyo msaada wenyewe? Na magurudumu niyashushe lini?

Fundi_Haidroliki
PTU haihamishi hata tone la mafuta, mkuu. Inahamisha nguvu tu: tofauti ya shinikizo kati ya Kijani na Manjano ikizidi psi 500 (psi ni kipimo cha shinikizo), upande wenye nguvu unazungusha pampu ya upande dhaifu. Sasa Kijani ni kikavu, pampu haina cha kusukuma, inazunguka kwa kasi mno bila kupumzika. Mafuta ya Manjano yanapata joto kupita kiasi na mfumo huo nao unaweza kufa. Hapo flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa) huna, na breki zinategemea akumuleta (chupa inayohifadhi shinikizo) peke yake: angalau mikanyago 7 kamili, bila kinga ya kuteleza, geji isizidi psi 1,000. Kwa hiyo zima PTU mapema. Na tazama vizuri kitufe unachobonyeza. Ukizima pampu ya injini namba 2 kwa makosa, umeua Manjano kwa mkono wako.

Rubani_Zamu
Kuhusu magurudumu: usiyaharakishe! Bila Kijani yanashushwa kwa uzito wake tu, na yakishuka hivyo hayapandi tena, na milango yake inabaki wazi. Ukilazimika kuahirisha kutua au kwenda uwanja mwingine, utaburuta upepo wote huo na mafuta ya kuendeshea injini yataisha haraka. Chagua uwanja kwanza, piga hesabu ya urefu wa njia ya kutua (breki za kujiendesha hazipo, kigeuza msukumo cha injini namba 1 hakipo), ndipo uvute mkono wa dharura na kuuzungusha mara 3 mwendo wa saa mpaka ugote. Weka wenzo wa magurudumu chini, hakiki taa za kijani. Flapsi na slati (vibawa vya mbele ya bawa) zitatoka polepole, zipe muda. Breki utakanyaga mwenyewe kupitia Manjano, kinga ya kuteleza bado ipo.

Waambie waongoza ndege mapema kwamba utasimama kwenye njia ya kutua. Ndege ambazo usukani wa gurudumu la mbele unatumia Kijani haziwezi kukata kona. Omba trekta, na mafundi waweke pini za kufunga magurudumu kabla ya kuivuta ndege.

Mwanagenzi_Anga
Pampu inaweza kuwashwa tena baadaye?

Fundi_Haidroliki
Kwa uvujaji, hapana. Kama onyo lilikuwa la joto la tangi, ndiyo, taa ikizimika. Kama ni hewa pungufu kwenye tangi, pampu mara nyingi hutulia ndege ikishuka chini. Soma onyo lenyewe kabla ya kugusa chochote.