Kuvuka Kitulo kwa pikipiki alfajiri ya Julai: jalidi barabarani na injini inayozimika

Msafiri wa Makete:
Habari zenu, wakuu. Naomba ushauri wa wale wanaoijua njia ya Chimala kwenda Makete kupitia Matamba na uwanda wa Kitulo. Wiki iliyopita nilikuwa narudi nyumbani kwa pikipiki ya cc 150, na kwa kuwa nilitakiwa kuwahi kikao cha ukoo, niliondoka Chimala saa kumi alfajiri. Huko chini sweta moja na koti vilitosha, na hata baada ya kuzimaliza zile kona 57 sikuona cha kutisha. Uwandani nilikutana na ukungu mzito, na ulipoachia, majani ya pande zote mbili za barabara yalikuwa meupe kana kwamba yamemwagiwa chumvi. Gurudumu la nyuma lilitereza darajani, vidole vikafa ganzi hadi nikawa navuta klachi kwa kiganja kizima, kisha injini ikaanza kukohoa, ikazimika na kukataa kuwaka. Nilipumzika kando ya njia kwa muda, nikajaribu tena, ikawaka vizuri kabisa.

Fundi wa hapa kijijini anasema petroli ilikuwa na maji. Je, ni kweli? Na ninyi mnaopita huko mara kwa mara mnavaa nini? Kuzunguka kupitia Makambako na Njombe ni mbali mno kwangu.

Mkulima wa Viazi:
Pole sana, kijana wangu. Chimala iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600, na kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo hali ya hewa ya Chimala haikuambii chochote kuhusu ya huko juu. Sisi tunaolima viazi tunaiogopa jalidi, yaani ule umande wa barafu, kuanzia Juni hadi Agosti, kwa sababu usiku wa mbingu safi usio na upepo ardhi hupoteza joto lake haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana kilimani unaweza kupita pakavu, halafu ukateleza palepale penye kijito na daraja. Punguza mwendo kabla hujaanza kuteremka, pita darajani ukiwa umenyooka, wala usiguse breki ya mbele.

Kuhusu mavazi, mimi hutanguliza magazeti kifuani chini ya sweta, na juu ya koti navaa nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, niliyoitoboa tundu za kichwa na mikono. (Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini hii bado tunayo tele.) Nikifika nyumbani naingiza jiko la mkaa chumbani, nafunga mlango, na baridi inaisha.

Fundi Kabureta:
Maji kwenye petroli yanawezekana, ila dalili ulizozieleza hazielekei huko. Fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), utoe petroli kidogo kwenye chupa ya kioo. Kama kuna maji, utayaona yametuama chini. Usipoyaona, basi naamini kabureta yako iliganda. Petroli inapogeuka mvuke hunyonya joto la hewa na la chuma, kiasi kwamba koo la kabureta linaweza kupoa kwa zaidi ya nyuzi 15 kuliko hewa ya nje, na ukungu unaovutwa ndani hugeuka barafu na kuziba njia. Ukisimama, joto la injini hupanda hadi kwenye kabureta, barafu inayeyuka, na pikipiki inawaka bila fundi kuigusa.

Wapo watakaokuambia kuwa ni mwinuko tu. Ni kweli kwamba huko juu hewa ni nyepesi na injini hupoteza karibu robo ya nguvu zake, lakini upungufu huo hukaa nawe uwanda mzima, hauondoki kwa kupumzika. Tumia gia ndogo ili injini izunguke kwa kasi kidogo, na uikinge kabureta dhidi ya upepo kwa kipande cha bati, bila kufunika mapezi ya silinda yanayopoza injini. Choki usiivute injini ikiwa imeshapata moto.

Muuguzi Njombe:
Mzee wangu Mkulima, shikamoo. Kuhusu magazeti na nailoni nakubaliana nawe kabisa, lakini hilo jiko naomba uliache. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi watu hulala nayo wasiamke. Ota moto nje au mahali penye milango na madirisha wazi, kisha uingie kulala chumba kikiwa hakina jiko.

Kwako msafiri, upepo ndio unaokuibia joto. Hewa ikiwa nyuzi 5, mwendo wa kilomita 60 kwa saa hufanya ngozi iliyo wazi ihisi kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na ukipunguza hadi 30 inahisi kama sifuri. Vidole vikishindwa kuvuta breki, simama papo hapo. Ukiona ulimi unakuwa mzito, usingizi unakuja au kutetemeka kumekoma ilhali bado una baridi, joto la mwili limeshuka kupita kiasi, na hapo hata uamuzi wako si wa kuaminika. Gonga nyumba yoyote, vua nguo zilizolowa, jifunike blanketi, unywe chai ya moto yenye sukari. Komoni (pombe yetu ya kienyeji) na pombe kali zinapanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto lililobaki, hata kama unajihisi umepata moto.

Mkulima wa Viazi:
Marahaba, binti. Jiko litabaki barazani. Msafiri, jua likishachomoza usiondoke Matamba papo hapo. Ngoja hadi saa tatu, maana madaraja yenye kivuli huchelewa kukauka.

Msafiri wa Makete:
Nashukuru wote. Nimetoa petroli kwenye chupa kama Fundi alivyoelekeza na sijaona maji. Narudi Mbeya Ijumaa, nitaondoka Makete mchana. Fundi, hicho kipande cha bati nikifunge upande mmoja wa kabureta au pande zote mbili?

Fundi Kabureta:
Upande wa mbele tu, na uache nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye silinda.