Monseigneur ni askofu au padri? Nimeaibika ugenini

katibu_kwaya_Kigoma:
Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Mimi ni katibu wa kwaya huku Kigoma, juzi kati tulipata mwaliko toka Bukavu, Kongo, barua yote kifaransa, na kifaransa changu mnakijua ni bonjour na merci basi, nikajikaza kutafsiri. Mwisho wameandika misa itaongozwa na S.E. Mgr fulani, mi nikajua ni Monsinyori kama hawa wetu, nikatangaza kanisani kabisa. Kufika kule namuona mzee ana mitra kichwani na fimbo ya kichungaji mkononi! Mwenyekiti akanigeukia, hakusema kitu, akaniangalia tuu. Sasa hiki ni cheo gani jamani?

mtoto_wa_Ibanda:
Milele na milele amina. Pole ndugu 😂😂 iyo Mgr ni Monseigneur wameikata, na huku kwetu Monseigneur njo askofu, hakuna ingine. Banamwitaka ivo tu bila jina, "bonjour Monseigneur" imeisha. Jina tunaitia wakati tuko nasema juu yake, kama Monseigneur Munzihirwa ule askofu mkuu walimuuaka hapa Bukavu 29/10/1996. Padri yeye ni "mon Père" kama ni wa shirika, ama "Monsieur l'Abbé" kama ni wa diocèse, njo jimbo.

Frateri_Mstaafu:
Mkuu wa Ibanda uko sawa ila hiyo "hakuna ingine" punguza kidogo. Neno ni moja, waitaliano wanasema monsignore na sisi ndo tukapata Monsinyori, ila huku Tz maaskofu wana jina lao, Mhashamu, kwa hiyo Monsinyori likabaki kwa mapadri waliopewa heshima na Papa, upadri wao ni uleule hawajapewa daraja jipya. Na siku hizi wapya ni wachache maana mwaka 2014 Papa Fransisko alibana, padri wa jimbo mpaka afikishe miaka 65, waliokuwa nayo tayari wakaachiwa. Sasa kwa kifaransa padri wa namna hiyo naye anaweza kuandikwa Mgr, ndo maana uangalie kilichotangulia. S.E. ni Son Excellence, ukiiona hiyo kwenye barua ya kanisa jua ni askofu, tafsiri Mhashamu Askofu. Barua yako ilikuambia kila kitu wewe ukairuka 😅

Bi_Mtumwa:
Naomba kuuliza, si ndo maana yake "Bwana wangu"? Seigneur si Mungu? Binadamu anaitwaje hivyo?

Frateri_Mstaafu:
Dada, na wewe kanisani unasema Bwana utuhurumie, ukitoka nje unamsalimia bwana shamba, ukifika nyumbani kuna bwana yako. Seigneur nayo iko hivyohivyo, Mungu ni Seigneur na mwenye ardhi wa zamani alikuwa seigneur. Wala halikuanza kanisani pekee, kule Ufaransa mtoto wa mfalme Louis wa 14, yule aliyefariki 1711 kabla hajarithi kiti, ikulu ilikuwa ukisema Monseigneur peke yake ni yeye. Wakati huohuo askofu kama Bossuet watu walimtaja kwa jimbo lake tu, Monsieur de Meaux. Hata leo mtawala wa Monaco anaitwa Monseigneur na wala sio padri.

mtoto_wa_Ibanda:
Ao kumbe! Iyo ya Monaco sikuijuaka. Ila maaskofu wengi wa Ufaransa leo banapenda waitwe Père tu. Jaribu iyo hapa Bukavu uone vile wamama ba kanisa batakuangalia 😂

katibu_kwaya_Kigoma:
Asanteni sana. Sasa nataka kuandika barua ya shukrani, naanzaje? Cher Mgr, yaani Mpendwa Mgr?

mtoto_wa_Ibanda:
Hapana weee! Andika "Monseigneur," yote mzima, usiikate, na "cher" uiache. Alafu tuma hapa kwanza tusome mbele haujaituma.