Tovuti ya karakana ya alumini kwa bajeti ya laki tatu: tuanzie wapi?

Msamvu_Alumini

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa wanaoifahamu kazi hii. Tunafungua karakana ya madirisha na milango ya alumini hapa Morogoro, mafundi watatu. Jina la biashara limeshasajiliwa BRELA, TIN tunayo. Tunataka tovuti ndogo tu: mteja aone picha za kazi, ajue bei inaanzia wapi, kisha apige simu au aandike WhatsApp. Malipo ya mtandaoni hatuhitaji.

Bajeti ya mwaka wa kwanza ni Sh 300,000. Tumeletewa makadirio mawili. Moja ni Sh 1,200,000 kwa kurasa kumi na mfumo wa kuhariri. Jingine ni Sh 180,000, ila jina la tovuti litakaa kwenye akaunti ya mtengenezaji, na kila mwaka tunamlipa yeye. Lipi lina nafuu? Na kipi tunaweza kufanya wenyewe? Kompyuta ipo moja, na kijana mmoja anayeimudu Excel.

mtunza_seva

Mkuu, hilo la 180,000 ndilo litakalowagharimu zaidi. Domeni, yaani jina la tovuti, ni kama hati ya kiwanja, aliyeandikwa ndiye mwenye mali. Leo mtachora jina hilo kwenye bango, kwenye risiti na ubavuni mwa pikapu. Siku mtengenezaji akiacha kazi hiyo, akibadilisha namba au akisahau kulipia, tovuti inazima na hamna mlango wa kuingilia kuiwasha.

Fungueni kwanza barua pepe ya biashara ambayo si ya mfanyakazi mmoja. Kwa barua pepe hiyo fungueni akaunti kwa wakala wa domeni. Majina ya .co.tz sasa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, lakini mnanunua kwa mawakala waliosajiliwa huko. Sehemu ya mmiliki andikeni jina la biashara kama lilivyo BRELA, na namba ya simu ambayo haitapotea. Bei inatofautiana kwa wakala, lakini ni makumi machache ya elfu kwa mwaka. Ulizeni kama VAT imo ndani. Ya .com kwa kawaida ni dola 10 hadi 15 kwa mwaka.

Angalieni bei ya kuhuisha, yaani kulipia upya kila mwaka, si ile ya mwaka wa kwanza. Punguzo la mwanzo ni chambo, mwaka wa pili bei inaweza kuwa mara mbili au tatu. Mkiweza, lipieni miaka miwili kwa mpigo. Domeni ikiisha muda, barua pepe zake nazo zinaweza kufa siku hiyo hiyo. Kwa .com kuna kipindi cha siku 30 ambacho kulirudisha jina lako kunatozwa ada ya ziada kubwa. Kikipita na hicho, yeyote analichukua.

Mtengenezaji apewe ruhusa ya kufanyia kazi, si umiliki. Akimaliza, badilisheni nenosiri mbele yake.

Kidani

Kwa mahitaji uliyoyataja, ukurasa mmoja unatosha. Kurasa kumi ni za nini kwa karakana ya mafundi watatu? Mtaishia na kurasa sita zenye mistari miwili miwili.

Andikeni kwa HTML ya kawaida, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, bila mfumo wowote nyuma yake. Folda moja: faili la index.html, faili la mitindo, na folda ndogo ya picha. Kijana wa Excel ataweza kubadilisha bei humo akielekezwa mchana mmoja. Folda hiyo mnaipandisha Cloudflare Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani, bila kulipia: unaburuta folda, unaidondosha, inakuwa hewani. Ili jina lenu lifanye kazi bila www, ingieni kwa wakala wa domeni mbadilishe nameserver (seva zinazoelekeza jina lenu lilipo tovuti) ziwe zile mtakazopewa na Cloudflare. Mabadiliko yanaweza kuchukua saa chache, hata siku nzima, kwa hiyo msiyafanye asubuhi ya ufunguzi. Kisha ongezeni majina yote mawili, lenye www na lisilo nayo. Wengi wanasahau moja, na nusu ya wateja wanakuta ukurasa wa kosa.

Juu ya ukurasa msisahau mstari huu:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Usipokuwepo, simu inauonyesha ukurasa kama wa kompyuta uliosinyaa, na mteja hasomi kitu mpaka avute kwa vidole. Wateja wenu karibu wote watakuja kwa simu.

Kisha picha. Hapa ndipo tovuti nyingi za bei ndogo zinaharibikia. Picha ya simu moja kwa moja ni megabaiti 3 hadi 5. Ziwekeni kumi na mbili na ukurasa unafika megabaiti 40 au 50; mwenye bando la siku anaufunga kabla haujafunguka. Punguzeni upana hadi pikseli 1,200, muhifadhi kwa WebP au JPEG (aina za mafaili ya picha) ya ubora wa 75 hivi, kila moja isizidi kilobaiti 150. Programu ya Squoosh inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari, haihitaji kusakinishwa. Dirisha la alumini lipigwe picha kutoka nje asubuhi, jua likiwa mgongoni mwa mpigaji. Ukipiga kutoka ndani, mwanga wa nje unaufanya mfremu uonekane mweusi na mteja hajui kama ni fedha au bronzi.

Nuru_Kihonda

Kidani, nakubali kuhusu picha, ila HTML tupu itawachosha. Karakana inamaliza kazi mpya kila wiki na wanataka kuongeza picha kwa simu wakiwa saiti. Kwa hilo WordPress, mfumo wa kuhariri tovuti, inafaa zaidi. Programu yenyewe ni bure, gharama ni hostingi ya kawaida, yaani nafasi ya kukodi kwenye seva, yenye cPanel ya kuiendeshea. Cheti cha usalama wa tovuti msilipie: cha Let's Encrypt hakina malipo, kinadumu muda mfupi na hostingi nzuri inakihuisha yenyewe. Anayewatoza kwa ajili ya cheti hicho, muulizeni anatoza nini hasa.

Angalizo ni moja: msikubali themu (mwonekano wa tovuti) au plagini (kiongezi cha WordPress) ya kulipia iliyovunjwa na kugawiwa bure. Nyingi zimepachikwa msimbo wa siri. Utashtukia tovuti ya madirisha inawapeleka watu kwenye kamari. Plagini tano zinawatosha kabisa.

mtunza_seva

Nuru, hoja ya kuongeza picha ni ya kweli, lakini WordPress isiyosasishwa ni mlango wazi. Mkiichagua, mmoja wenu awe na zamu ya kila wiki: kusasisha, na kupakua bekapu, yaani nakala ya akiba, ikae nje ya hostingi. Bekapu iliyo kwenye seva hiyo hiyo inapotea pamoja nayo. Hapo pana kazi ya mtu, na karakana mpya ya watu watatu haina mtu wa ziada. Mimi ningeanza na ukurasa mmoja, picha za kila wiki zikaenda Instagram na kwenye wasifu wa biashara wa Google, ule unaotokea kwenye ramani.

Ngerengere

Hapo kwenye wasifu wa Google ndipo pesa ilipo. Mtu akitafuta "madirisha ya alumini Morogoro", ramani mara nyingi inatokea juu ya tovuti. Hakuna malipo. Siku hizi mara nyingi uthibitisho ni wa video: mnaonyesha barabara na bango kwa mkupuo mmoja bila kukata, kisha mnafungua mlango kwa ufunguo, mnaonyesha mashine ya kukatia na mzigo wa alumini. Bango liwe limeshawekwa, na jina lake lifanane herufi kwa herufi na mlilojaza.

Kitufe cha WhatsApp: namba huandikwa bila 0 wala alama ya kujumlisha, yaani wa.me/2557xxxxxxxx. Ukiandika 07 haifunguki. Kisha mpeni mteja ujumbe uliokwisha andikwa, kwa kuongeza mwishoni:

`?text=Naomba%20bei.%0AUpana%20cm:%0AUrefu%20cm:%0AIdadi:%0AMahali:`

%20 ni nafasi, %0A ni mstari mpya. Mteja anakuta nafasi za kujaza, nanyi mnaepuka ujumbe kumi wa "dirisha bei gani?" Pembeni ya bei andikeni ni kwa mita ya mraba, na kama kioo, wavu wa mbu, ufungaji na usafiri vimo. Bila maelezo hayo mteja atawalinganisha na mwenye bei isiyo na wavu, na mtaonekana wa ghali.

Msamvu_Alumini

Asanteni sana wakuu. Tumenunua .co.tz kwa jina la biashara, na kijana ameandika ukurasa mmoja. Kwenye kompyuta picha zote 12 zinaonekana. Tumeupandisha, sasa picha 4 hazitokei, si kwenye simu wala kwenye kompyuta, yanabaki maboksi matupu. Tatizo ni bando?

Kidani

Hapana, ni majina ya mafaili. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye jina la faili, seva inatofautisha. Fungua folda uangalie hizo nne: nadhani zinaishia .JPG kwa herufi kubwa kama kamera ilivyoziandika, na kwenye ukurasa kijana ameandika .jpg. Zipe zote majina ya herufi ndogo, bila nafasi katikati: dirisha-slaidi-01.jpg, mlango-bafu-02.jpg. Ukiwa Windows na ukabadilisha ukubwa wa herufi tu, hakikisha jina limebadilika kweli. Likigoma, lipe jina jingine kabisa kisha ulirudishe. Rekebisha na ndani ya index.html, upandishe folda nzima upya, kisha ufungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari ili usionyeshwe nakala ya zamani.

Msamvu_Alumini

Ni hivyo hivyo mkuu, zote nne zilikuwa .JPG. Zinaonekana sasa.