Maneno marefu ya Kinorwei: silabi zinakatwa wapi?

Kaskazini_Kweupe:
Wakuu, habari zenu. Najiandaa na Norskprøven (mtihani wa lugha ya Kinorwei), sehemu ya kuzungumza. Maneno mafupi hayanisumbui, ila nikifika kwenye *arbeidstillatelse* (kibali cha kazi) au *menneskerettighetsorganisasjonene* (yale mashirika ya haki za binadamu) ulimi unagoma. Mnakata wapi?

Mzee_wa_Sarufi:
Usianze na silabi, anza na viungo. Vunja neno upate maneno yaliyoungwa, ndipo ukate kila kipande. Viungo vinajianika: tafuta *-hets-, -ings-, -sjons-, -skaps-*. Hiyo *s* ni gundi tu, na hubaki na kipande cha kushoto. Kwa hiyo *menneske + rettighets + organisasjonene*, halafu:

men-nes-ke / ret-tig-hets / or-ga-ni-sa-sjo-ne-ne

Silabi 13. Konsonanti ikiwa moja kati ya irabu mbili, huenda na irabu inayofuata. Zikiwa zaidi, ya mwisho ndiyo huvuka. Ila *sj, kj* na *skj* ni sauti moja, usizitenganishe. Vilevile *ei, øy* na *au* husomwa kwa pumzi moja, kama *syl-te-tøy*, yaani jemu.

BintiPwani:
Sawa mzee, ila hiyo *s* ina mtego. Kwenye *arbeidstillatelse* jicho la haraka linaona *still-* (kama *stille*, tulivu), linakata *arbeid-stillatelse*. Hakuna neno *stillatelse*! Kipande cha kulia lazima kisimame chenyewe kama neno: ar-beids-til-la-tel-se, silabi 6. Kwenye *solskinn* (mwanga wa jua) mambo yanageuka, *s* ni ya kulia: sol-skinn. Na *bildeler* ni bil-deler, vipuri vya gari; *bilde* (picha) haimo kabisa.

Kaskazini_Kweupe:
Shukrani dada. Na *busstopp*? Basi ni *buss*, kituo ni *stopp*. Mbona *s* ni mbili?

Mhariri_Mkali:
Kinorwei hakiandiki konsonanti tatu za aina moja mfululizo, kwa hiyo moja inadondoshwa. Ukikata mwishoni mwa mstari inarudi: *buss-stopp*. *Fotballandslaget* (timu ya taifa ya soka) nayo inakuwa *fotball-landslaget*. Wanaochapa kwa Word waangalie: kile kistari cha hiari (Ctrl na kistari) hakirudishi herufi, utapata *bus-stopp* au *buss-topp*, na zote ni kosa. Bora neno lishuke zima. Wala usiokoe nafasi kwa kulitenganisha neno. *Røykfritt* ni eneo lisiloruhusu sigara. *Røyk fritt* ni "vuta upendavyo". Wanorwei wenyewe huboronga hapo na kuchekana.

Mzee_wa_Sarufi:
Niongeze la mkazo, maana kwenye kuzungumza ndilo linalotuangusha. Sisi huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, basi mtu anasema *arbeidstillaTELse*. Mkazo mkuu uko kipande cha kwanza, *AR-*. Vinavyofuata vinapata mdogo. Usichomeke irabu pia: *rettighets* inaishia *ts*, si "hetsi". Na konsonanti ikiandikwa mara mbili, irabu iliyotangulia ni fupi: *takk* (asante) fupi, *tak* (paa) ndefu.

Zoezi: anzia nyuma. Sema *tillatelse* mpaka ilainike, ndipo utangulize *arbeids-*. Neno zima likikosekana ordbokene.no (kamusi ya mtandaoni), tafuta kipande cha mwisho peke yake. Hicho ndicho kinachoamua jinsia ya kisarufi ya neno lote.